Karani wa Kubuni

Bweni la pili, chumba cha kumi na nne
Jumamosi, asubuhi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na wanao, na kwamba goti la Mama limepungua uvimbe tangu mlipomkataza kufua akiwa amechuchumaa. Najua hajaacha, ila natumaini. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, mafua yaliyonishika mwezi uliopita yameniachia, na ule mto ulionishonea bado unanifaa ingawa mwenzangu wa chumbani anauita tofali.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo mfukoni. Niliyo nayo hayasemeki kwa simu, hasa simu yako unayoipokea mbele ya foleni na sauti ikasikika hadi benchi la mwisho. Nitampa Mjomba, anapita huko keshokutwa na lori lake la magodoro. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, si kwa shemeji, si kwa Mama, wala si kwa yule mfagizi wa ofisini kwenu anayependa kusaidia. Ameapa kwamba ataiweka ndani ya soksi, kwa hiyo uivumilie harufu. Isome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho kabla hujainuka.

Nianze na masomo, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia. Muhula huu tulikuwa na somo linaloitwa Maadili, Haki na Sera za Umma. Tulipolisikia jina tulidhani ni somo la kupumzikia. Waliotutangulia walituambia kwamba mtu aliyelelewa na mama mkali hawezi kulifeli, nami nikajihesabu nimeshafaulu. Mwalimu wake ni mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Anavaa sweta hata jua likiwa kali, na ana tabia ya kunyamaza mwanafunzi akishamaliza kusema, mpaka mwanafunzi huyo aanze kujipinga mwenyewe. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maswali matatu tu: kanuni hii inamsaidia nani, inamuumiza nani, na nani hakuulizwa. Akasema hayo ndiyo somo zima, yaliyobaki ni mifano, na aliyechoka anaweza kwenda. Hakuna aliyekwenda, ila wawili waliutazama mlango.

Darasani mkubwa kwa umri ni mwalimu, anayefuata ni mimi. Wananiita Mzee Randa tangu waliponiona nikiukaza mguu wa meza ya mbele kwa kipande cha kadibodi. Ninakaa benchi moja na kijana tunayemwita Wakili. Hajasomea sheria, ila hawezi kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu kinachompa haki ya kuomba. Mimi na yeye tulikuwa tukikimbizana kwa alama tangu mwaka wa kwanza, leo mimi juu, kesho yeye. Nakutajia hilo mapema kwa sababu lina sehemu yake katika kosa, na sitaki baadaye nionekane nilisukumwa na huruma peke yake.

Wiki ya tano mwalimu alitugawia waraka mmoja tuuchambue. Niliutambua kabla sijamaliza kusoma kichwa chake, maana nakala yake imebandikwa kwenye kidirisha chako, upande wa kushoto, na kona yake moja imeliwa na mende. Ndio ule unaosema cheti cha kuzaliwa hakitatolewa mpaka sehemu ya baba ijazwe na kuambatanishwa na nakala ya kitambulisho chake, na kwamba mama atakayekuja bila hivyo arudishwe akamtafute mhusika. Tukautia katika yale maswali matatu. Wakili alisimama kuutetea na, kusema haki, aliutetea vizuri. Alisema mwanamume naye ana haki ya kutobandikwa mtoto asiyemjua, mtoto ana haki ya kumjua baba yake wa kweli, na daftari la serikali likishaanza kuandika watu kwa kubahatisha halina tofauti na daftari la umbea. Nusu ya darasa wakacheka, nusu wakakubali. Mwalimu akanyamaza kama kawaida yake, kisha akauliza ni nani kati yetu amewahi kumwona kwa macho yake mtoto aliyerudishwa nyumbani na shule kwa kukosa cheti. Mimi nilijitia hamnazo, nikawa nachonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Sasa Dada, kuna jambo nililokudanganya. Ile siku niliyokuja ofisini kwako kukuuliza, miaka mitatu iliyopita, nilisema nimesikia fununu mtaani. Sikusikia fununu yoyote. Alasiri moja nilikuwa karakanani nachonga mguu wa kiti, akaja msichana wa shule, amevaa sare, begi mgongoni. Alisimama mlangoni kwa adabu mpaka nilipozima mashine. Akaniuliza kama hapa ndipo kwa fundi fulani, akamtaja marehemu Baba kwa majina yake yote matatu, hata lile la katikati ambalo sisi wenyewe hulisahau. Nikamwambia ndipo, lakini mwenyewe ameshafariki. Akasema hilo analijua, mama yake alimwambia, na hakuja kutaka chochote. Shuleni wameambiwa waandike kuhusu kazi ya baba, wenzake wote wamekwishaziona kazi za baba zao, naye alitaka tu kupaona mahali.

Akanionyesha nakala ya cheti iliyokunjwa mara nne. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilipiga hesabu haraka na, Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilimshuku marehemu. Baba yetu huyo huyo, ambaye alikuwa hatoki uani isipokuwa kwenda kununua misumari, na Mama akawa anajua hata ukubwa wa misumari aliyonunua. Ndipo nikayaona maandishi. Zile herufi zako za kulala, na ule mkia mrefu unaoipa kila herufi ya mwisho. Nikajua Baba hana kosa na mwenye la kunieleza yuko ofisi ya usajili.

Nilimwonyesha yule msichana karakana yote. Randa, patasi, ule msumeno ambao Baba aliuchongea mpini mwenyewe. Akaniuliza kama baba yake alitumia mkono wa kushoto, maana yeye anatumia wa kushoto na nyumbani kwao hakuna mwingine. Baba, kama unavyojua, mkono wa kushoto alikuwa hawezi hata kushikia kikombe. Nikamjibu kwamba alitumia yote miwili, kutegemea na ubao. Akaliandika hilo katika daftari. Nikampa ubao wa mvule akapiga randa mara tano sita, akakusanya maranda yake kwenye mfuko wa begi, akaaga. Sikumwambia mtu. Sikujua ningeanzia wapi.

Mengine unayajua kwa sababu ulinieleza wewe. Uliweka kile kibao cha "Nimekwenda kula", ukafunga kidirisha, ukaniambia kwamba walikuwa watoto thelathini na watatu. Mama zao walirudishwa mara mbili, tatu, wengine baba za watoto hawakupatikana, wengine walipatikana wakakana mbele ya watu, na mmoja hakutaka kumtaja kwa sababu uliyoona ni ya kutosha. Mitihani ilikuwa inakaribia na shule haziwapokei bila cheti. Ukachukua nakala ya kitambulisho cha Baba, ambayo tangu hapo inakaa chini ya sinia ya vikombe vya chai, ukawa unaiambatanisha. Nilikuuliza kwa nini usibuni mtu tu. Ukasema mtu wa kubuni hana kitambulisho, na mtu aliye hai ipo siku angewakana, lakini Baba hakuwahi kumkana mtu. Uliniambia pia, tena kwa fahari, kwamba hujawahi kumwandikia mtoto aliyezaliwa baada ya yeye kufariki, kwa sababu huwezi kumdhalilisha marehemu kwa mambo yasiyowezekana. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikauliza Mama akijua itakuwaje, ukasema atanuna siku tatu, ya nne atauliza kama wanakula vizuri.

Baada ya mjadala wa ule waraka mwalimu alitupa kazi ya muhula. Kila mmoja amtafute mtumishi wa umma aliyebanwa kati ya kanuni na mtu aliyesimama mbele yake, aeleze alifanya nini, kisha aupime uamuzi huo bila kumsifu wala kumlaani. Kazi hiyo ilikuwa na uzito wa nusu ya alama zote. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa mlinzi wa bustani ya mji anayewaruhusu watu wakae kwenye majani yaliyokatazwa. Nilipomwuliza kwa nini anaruhusu, alisema amechoka kupiga filimbi. Huwezi kuandika kurasa kumi juu ya mtu aliyechoka kupiga filimbi. Wakili wakati huo alikuwa amempata daktari aliyekataa kutoa siri ya mgonjwa mbele ya bosi wake, na akawa anatembea kifua mbele kama aliyekataa ni yeye.

Jumamosi moja nikakaa nikaandika juu yako. Kurasa kumi na moja, kwa mkao mmoja. Nilikuita Karani K. Nilibadilisha mji, Baba nikamfanya fundi cherehani, watoto thelathini na watatu nikawafanya ishirini. Lakini sinia ya vikombe niliiacha, na mkono wa kushoto wa yule msichana nikauacha, kwa sababu kila nilipovitoa kisa kilipoa. Nilijua vizuri kilichokuwa hatarini. Ukijulikana, unapoteza kazi ya miaka kumi na tisa na unashitakiwa, na watoto wote wanarudi walikotoka. Nilijua, nikaandika, kisha nikasoma tena na kufurahia nilivyoandika.

Mwalimu alinipa alama ya juu kabisa. Wakili aliisoma, akasema kwamba bado anaamini hoja yake juu ya haki ya kumjua baba, ila sasa angetaka kuuliza nani atailipia haki hiyo, mtoto au waraka. Kutoka kwake yeye hiyo ni sawa na kuninyanyua juu juu. Darasa zima likakaa wiki nne likitunga pendekezo la kuubadili ule waraka, ili sehemu ya baba iweze kubaki na neno "hajatajwa" na cheti kitoke. Kisa changu ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa pendekezo lenyewe. Nakiri nilivimba kichwa.

Kila mwaka chuo huchagua kazi tatu bora, zisomwe kwenye kongamano ambalo maofisa wa serikali hualikwa. Yangu ilichaguliwa. Niliisoma nikiwa nimevaa shati la mwenzangu wa chumbani. Watu walicheka kwenye vikombe vya chai, wakanyamaza kwenye mkono wa kushoto, wakapiga makofi. Mmoja tu hakucheka wala hakupiga makofi. Ni afisa kutoka makao makuu ya usajili, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisubiri watu watoke, akamwambia mkuu wa idara kwamba alichokisikia si fasihi bali ni kosa la jinai, na kwamba anamtaka karani huyo. Asipopewa, atapeleka wakaguzi wapekue madaftari ya ofisi zote, jina la baba moja baada ya jingine. Unaelewa, Dada. Kwenye daftari lako hawangehitaji hata kuvaa miwani.

Nikaitwa mbele ya kamati ya maadili ya utafiti. Walikuwa watu watatu: mkuu wa idara, mkutubi na mwalimu wetu. Kamati huketi katika chumba kidogo kando ya maktaba, chenye meza ambayo gamba lake la juu limebanduka, nami muda wote nilikuwa natamani gundi. Walinieleza kwamba jambo lenyewe lina njia yake. Kila aliyehojiwa na mwanafunzi hutia saini fomu ya ridhaa, inayosema amesomewa kazi yote, ameelewa, na amekubali kwa hiari yake. Kamati humwita faraghani, humwuliza kama saini ni yake, akisema ndiyo, chuo kinafungwa na kanuni zake chenyewe kumficha hata kwa afisa, hata kwa mahakama. Mwalimu akaisukuma fomu ya Karani K mezani mbele yangu, akaniuliza huyu mtu yuko wapi wamwite.

Hapa ndipo nikueleze jambo nililolipita kimya kimya huko juu. Ile fomu niliisaini mimi. Niliweka alama ya vema kwenye kila kisanduku, nikaandika herufi moja chini kwa kalamu ya rangi nyingine ili ionekane ni mkono mwingine. Nilijiambia nitakupigia Jumapili nikuombe. Jumapili ikapita, na nyingine, na ukweli ni kwamba niliogopa ungekataa na mimi nisiwe na kisa. Katika somo zima la haki za watu, mtu mmoja ambaye haki yake ilikuwa mkononi mwangu sikumwuliza. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, nimeiandika mara tatu ikatoka ile ile.

Wakanipa siku mbili. Ya kwanza nilijifikiria mimi. Nakuambia hivyo bila kupamba. Nilifikiria kwamba pengine watakupa onyo tu, kwamba una miaka mingi kazini, kwamba unapendwa. Nilifikiria pia kukupigia useme saini ni yako, na najua ungesema, tena kwa sauti ile ile unayoitia foleni. Lakini ungeingia chumba kile, na nje ya mlango wake alikuwa anakuja kukaa mwenye kalamu mbili. Siku ya pili nikamwuliza Wakili, kama tunajadili mfano wa darasani, karani wa namna ile angefanywa nini na vile vyeti vingekuwaje. Alifurahi kuulizwa. Alinihesabia kwa vidole: karani kufukuzwa na kushitakiwa kwa kughushi, vyeti vyote kufutwa, watoto kurudishwa kwenye waraka, na waliokwisha kufanya mitihani kwa vyeti hivyo matokeo yao kuangaliwa upya. Yule msichana sasa ana miaka kumi na minne, yuko sekondari. Nikamshukuru Wakili, nikaenda kulala mchana kweupe.

Kesho yake niliingia nikasema hayupo. Mkuu wa idara akauliza ni nani ambaye hayupo. Nikajibu wote. Karani K hayupo, watoto hawapo, kitambulisho chini ya sinia hakipo, nimevitunga vyote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sababu nilitaka kumpita mwenzangu kwa alama, na fomu nimeisaini mwenyewe. Mkutubi akaniuliza mtu anabunije sinia ya vikombe. Nikamwambia seremala akitazama ubao anaona kitanda ambacho bado hakuna aliyekilalia. Akaliandika. Mwalimu hakuniuliza swali hata moja. Afisa alipoambiwa, alicheka kwa mara ya kwanza, akasema alijua tangu mwanzo, hana karani mwenye ubavu huo katika ofisi zake zote, na wakaguzi hawatakwenda kokote kwa ajili ya ndoto za fundi. Nilitamani kumjibu kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

Kwa hiyo, Dada, nimefukuzwa chuo. Ndilo hilo nililokuwa nalizunguka tangu nilipokuuliza goti la Mama. Sababu zilizoandikwa ni mbili: kubuni utafiti na kughushi ridhaa. La kwanza ni uongo, la pili ni kweli, na kwa la pili peke yake nastahili kuondoka, ingawa mwenzangu wa chumbani anasema kwa hilo ningesimamishwa muhula mmoja tu. Wiki ijayo, ikifika Ijumaa, natakiwa niwe nimekabidhi ufunguo.

Mwalimu alinikuta kwenye ngazi baada ya hukumu. Alisema amesoma kazi za wanafunzi kwa miaka thelathini, na watoto wa kubuni huwa hawatumii mkono wa kushoto. Alisema ameitia saini hukumu kwa sababu, kwa maneno niliyoyasema mle chumbani, hakukuwa na hukumu nyingine ya kutia saini, na kesho angeitia tena. Akashuka ngazi taratibu akishika ukingo. Sikumchukia, na sikumwelewa vizuri mpaka jana.

Wakili ndiye aliyenipa vidonge vyangu. Alikuja chumbani jana akiwa amekasirika kweli. Alisema pendekezo letu limerudishwa, maana makao makuu wanasema tatizo lenyewe limetungwa na wanafunzi, ushahidi wao mkubwa ukiwa kukiri kwangu. Akasema nimewafanya kina mama wote waliorudishwa waonekane hadithi. Ana haki. Jambo hilo sikulifikiria hata kidogo, nilikufikiria wewe na wale thelathini na watatu, na waliobaki nje ya hesabu yangu walikuwa wengi. Sasa ameamua kuanza upya, anakwenda mwenyewe kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za usajili na kuwauliza kina mama mmoja mmoja, na fomu zake wanazisaini wenyewe. Akifika kwako atakuwa kijana mrefu anayetaja vifungu. Usimwambie chochote, ila mpe kiti.

Juu ya kazi yako sina la kukufundisha. Nakukumbusha tu kwamba wanaokuja kuandikishwa kwa mtihani mwakani watakuwa wamezaliwa Baba akiwa ameshazikwa, na kwa masharti yako mwenyewe njia hiyo imefika mwisho.

Sasa sikiliza lile lililonifanya niandike. Wewe ndiye mdhamini wangu. Chuo kitakuletea barua kazini, yenye muhuri na maneno makali, ikisema nilibuni karani. Nakujua tangu ukinibeba mgongoni. Utaisoma ukiwa umesimama, utafunga kidirisha, utavaa vile viatu vyeusi vya ofisini, na basi la kwanza litakukuta stendi ili uje uwaambie kwamba mdogo wako si mwongo na karani ni wewe. Usije. Ukija, mimi nitarudishwa darasani baada ya muhula, na wewe utaondoka, na wale watoto wataondolewa baba kwa mara ya pili, safari hii kwa muhuri wa serikali. Mimi nina kazi ya mikono ya kurudia. Wao hawana.

Mama mwambie nimeshindwa mtihani, nitamweleza mengine mwenyewe nikifika. Shemeji msalimie sana, na watoto wabusu. Mfagizi naye msalimie, ila usimpe bahasha hii atupe, ichome mwenyewe.

Chini ya barua ya chuo kutakuwa na kipande cha kukata. Kinasema mdhamini amesoma, ameelewa, na anakubali kwamba mwanafunzi wake alidanganya. Safari hii nakuuliza kwanza, Dada, na unaweza kukataa. Nakuomba ukisaini, kwa jina lako kamili, ukirudishe kwa posta.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
anayekuheshimu na aliyekukosea